Kupima usalama wa bidhaa kwa macho na ngozi bila sungura: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza shampuu, losheni, sabuni ya maji au dawa ya kusafishia sakafu, au mwanafunzi wa kemia anayetaka kujua hii kazi inafanyikaje. Unataka uhakika kwamba kitu chako kikimwingia mtu machoni au kikikaa kwenye ngozi yake hakitamuumiza, na hutaki mnyama ateswe ndo upate huo uhakika. Inawezekana kabisa, na kwa vitu vingi majibu yanayopatikana ni bora kuliko ya sungura. Tatizo ni pa kuanzia, maana wengi wanakimbilia maabara wanauliza "mna kipimo gani badala ya sungura?" kana kwamba kuna kimoja kinachofanya yote. Hakipo. Kilichopo ni maswali yenye mpangilio, kila swali na kipimo chake, na baadhi ya hayo maswali unayajibu mwenyewe mezani kabla hujalipa chochote.

Kwanza tuelewe sungura alikuwa anafanyiwa nini. Miaka ya 1930 kuna rangi ya kope iliitwa Lash Lure, iliwaharibu wanawake macho Marekani, wengine wakapofuka, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria iliyoweka vipodozi chini ya usimamizi wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Mwaka 1944 John Draize na wenzake wa FDA wakachapisha kipimo kilichobeba jina lake. Sungura mweupe anatiwa mililita 0.1 ya kitu kwenye jicho moja, la pili linaachwa la kulinganishia, alafu watu wanachungulia wekundu, uvimbe na ukungu kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, kwa saa na siku kadhaa, ikibidi mpaka siku 21. Kwa ngozi ananyolewa mgongo, anabandikwa mililita 0.5 kwa saa 4. Alama zinatolewa kwa kuangalia tu kwa macho, na ndo maana mwaka 1971 watafiti Weil na Scala walipopeleka kemikali zilezile kwenye maabara zaidi ya 20 majibu yalitofautiana vibaya sana, huku wanasema kinawasha kupita kiasi, kule wanasema hakina shida. Tena jicho la sungura si la mtu, lina kope ya tatu, linatoa machozi kidogo, na ngozi yake inapitisha vitu kirahisi kuliko yetu. Kwa hiyo mnyama aliumia kweli na jibu lenyewe likawa la kuyumba, mimi hilo linaniuma mara mbili.

Hatua ya 1: Andika maswali yako, usiyachanganye

Chukua karatasi uandike: Je, kinaunguza ngozi, yani kinaua tishu mpaka kuacha kovu? Kama hakiunguzi, je kinawasha? Je, kinaleta aleji? Je, kinaharibu jicho moja kwa moja, au kinaliwasha tu likapona? Je, kinageuka kuwa na madhara ngozi ikipigwa na jua?

Hapo penye kuwasha na aleji ndo watu wanachanganya kila siku. Muwasho ni kemikali kuumiza seli pale ilipogusa, ukipunguza kiwango unapungua, na unaweza kumpata yeyote. Aleji ni kinga ya mwili kujifunza kuichukia kemikali fulani, mara ya kwanza husikii kitu, mara ya tano ngozi inalipuka, na mtu akishaipata ndo kaipata, hata tone dogo linamsumbua. Kipimo cha muwasho hakikuambii lolote kuhusu aleji. Kwa hiyo mtu akikwambia losheni yake "imepimwa na ni salama kwa ngozi", muulize imepimwa nini.

Hatua ya 2: Kusanya makaratasi

Andika fomula yako yote kwa asilimia, na uandike asilimia ya kiambato chenyewe, siyo ya ule mchanganyiko ulionunua. Safaktanti nyingi, hizi zinazotoa povu na kung'oa mafuta, zinauzwa zikiwa zimechanganywa na maji, kwa hiyo ukipima gramu 10 za uji wenye nguvu ya 70% umeweka gramu 7 tu. Hesabu zote zinazofuata zinaharibika hapa ukizembea.

Alafu mwombe muuzaji wa kila malighafi ile karatasi ya usalama, SDS, nenda kipengele cha 2 na cha 11. Tafuta namba hizi: H314 inaunguza ngozi, H315 inawasha ngozi, H317 inaleta aleji ya ngozi, H318 inaharibu jicho vibaya, H319 inawasha jicho. Ukiona SDS haina kitu kabisa kipengele cha 11, au imeandikwa tu "hakuna data", usichukulie kwamba ni salama. Ingia kwenye data za ECHA, wakala wa kemikali wa Ulaya, au eChemPortal ya OECD, jumuiya ya nchi ambayo pia inatoa miongozo ya vipimo tutakayoitaja kwa namba huko mbele, ni bure, utakuta kemikali nyingi zina majibu ya zamani tayari. Ndiyo, mengi ni ya sungura waliokwisha kufa miaka hiyo, na kwangu mimi kuyatumia ni sawa kabisa, kitakachokuwa dhambi ni kumtia sungura mwingine kitu kilekile kwa sababu mtu hakutaka kusoma.

Hatua ya 3: Pima pH

Rahisi kuliko zote na watu wanairuka. Kitu chenye pH ya 2 kushuka chini, au 11.5 kupanda juu, kinachukuliwa kwamba kinaunguza ngozi na kuharibu jicho mpaka ithibitishwe vingine, hakikupaswa hata zamani kufika kwa mnyama. Tumia kipima pH kilichorekebishwa kwa myeyusho wa pH 4, 7 na 10, vile vikaratasi vya rangi ni vya kukisia tu na bidhaa yenye rangi inavidanganya. Angalia pia nguvu ya asidi au alkali iliyojificha, maana kuna vitu viwili vinaweza kusoma pH moja, kimoja ukikitilia asidi kidogo kinatulia, kingine unatia na kutia hakishuki, huyo wa pili ndo hatari. Na ukumbuke kwamba pH nzuri siyo cheti, kuna safaktanti zenye pH ya 7 zinazochoma jicho vibaya.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mchanganyiko

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, GHS, una hesabu za kutumia kama mchanganyiko wenyewe haujapimwa. Kwa ufupi: viambato vyenye H314 vikijumlika 5% au zaidi, mchanganyiko unahesabika unaunguza ngozi. Vya H315 vikifika 10%, unawasha ngozi. Kwa jicho, jumlisha vya H318 na vya H314, ikifika 3% unaharibu jicho, ikiwa kati ya 1% na 3% unawasha jicho. Vya H319 vikifika 10%, unawasha jicho.

Tufanye mfano wa sabuni ya maji ya vyombo. Umeweka 12% ya safaktanti ya kwanza yenye nguvu ya 70%, SDS yake ina H315 na H318. Umeweka 10% ya safaktanti ya pili, betaini, yenye nguvu ya 30%, hiyo ina H318 peke yake. Ya kwanza ni 12 mara 0.7, sawa na 8.4%. Ya pili 10 mara 0.3, sawa na 3%. Ngozi: H315 ni 8.4%, haijafika 10, imepona ila kwa karibu. Jicho: 8.4 jumlisha 3 ni 11.4%, na mpaka ni 3%. Yani kwa hesabu hii sabuni yako kwa ngozi iko mpakani na kwa jicho iko nje kabisa, sabuni moja, majibu mawili. Hapo ndo utaona kwa nini nasisitiza maswali yasichanganywe.

Kabla hujakata tamaa, soma SDS tena, baadhi ya safaktanti zina viwango vyake maalum vilivyotokana na data, vikiwepo unatumia hivyo badala ya hiyo 3%. Pia hesabu hizi zina uoga mwingi ndani yake, safaktanti zikichanganywa vizuri mara nyingi zinapunguzana ukali. Lakini ukipinga hesabu lazima upinge kwa kipimo, huwezi kupinga kwa kusema "mimi naitumia nyumbani na sijapata shida".

Hatua ya 5: Kompyuta

Kama kuna kiambato hakina data, kuna programu za bure zinazolinganisha umbo la molekuli na molekuli zilizokwisha kupimwa: OECD QSAR Toolbox, Toxtree, VEGA. Ukipata jibu, angalia kama programu yenyewe inasema hiyo molekuli iko ndani ya eneo inaloliweza, ikiwa nje jibu lake usilibebe. Na ni za kemikali moja moja, usizipe shampuu nzima.

Hatua ya 6: Ngozi maabara

Sasa unaenda maabara ukiwa unajua unachouliza. Kipimo chenyewe kinatumia ngozi ya binadamu iliyooteshwa upya, seli za ngozi halisi zilizotolewa na watu kwa ridhaa yao, mara nyingi ni mabaki ya oparesheni, zinakuzwa juu ya kichujio kidogo huku juu ziko hewani mpaka zinajipanga tabaka kwa tabaka na kutengeneza ile ngozi ya juu ngumu. Majina utakayosikia ni EpiDerm, EpiSkin, SkinEthic.

Muwasho ni mwongozo wa OECD namba 439. Kwenye EpiDerm kazi inaenda hivi: mikrolita 30 za bidhaa zinawekwa juu ya tishu yenye ukubwa wa kama ukucha wa kidole kidogo, dakika 60, alafu inaoshwa na maji ya chumvi mara nyingi, karibu mara 15, kwa sababu bidhaa ikibaki itaendelea kuunguza na jibu litakuwa la uongo. Tishu inahamishiwa kwenye chakula kipya cha seli inakaa saa 42, hiyo ni nafasi ya kupona au kufa kabisa. Mwisho inawekwa kwenye MTT, rangi ya njano, saa 3. Seli zilizo hai zinaigeuza zambarau, zilizokufa haziwezi. Zambarau inavutwa na alkoholi inasomwa na mashine. Tishu zikibaki hai zaidi ya 50% ukilinganisha na zilizowekewa maji ya chumvi tu, bidhaa haihesabiki kuwa inawasha. Zikiwa 50% au chini, inawasha, na hapo bado hujui kama inaunguza.

Kuunguza ni namba 431, tishu ni zilezile, ila wanasoma baada ya dakika 3 na dakika 60. Zikishuka chini ya 50% kwa dakika 3 inaunguza, au zikivuka dakika 3 salama alafu zikaanguka chini ya 15% kwa dakika 60, inaunguza pia.

Uanze na ipi? Ukitegemea bidhaa ni laini anza na 439, ikipita umemaliza ngozi kwa upande wa muwasho. Ukiihofia anza na 431. Sabuni yetu ya 8.4% inaanza na 439.

Kuna mtego hapa nataka uushike. Bidhaa nyingine zinageuza MTT kuwa zambarau zenyewe bila seli yoyote, vitamini C na E zinaweza kufanya hivyo, na zikibaki kidogo kwenye tishu iliyokufa, mashine itasoma "hai". Bidhaa yenye rangi kali nayo inaweza kuchanganya mashine. Maabara nzuri inachanganya kwanza bidhaa yako na MTT kwenye kikombe kitupu kuona, na ikigeuka wanaongeza kontroli, yani kipimo cha kulinganishia, ya tishu zilizouliwa kwa kugandishwa. Waulize kama wamefanya. Wakishangaa swali, tafuta maabara nyingine.

Hatua ya 7: Jicho

Jicho ni gumu kuliko ngozi, na mpaka leo hakuna kipimo kimoja kinachobeba kila aina ya bidhaa. Njia inategemea unaogopa nini.

Ukiamini bidhaa ni laini, nenda namba 492, konea iliyooteshwa kwa seli za binadamu. Kwenye ile inayoitwa EpiOcular, kimiminika ni mikrolita 50 kwa dakika 30, kitu kigumu miligramu 50 kwa saa 6, alafu MTT kama kule kwenye ngozi. Zaidi ya 60% hai, haihitaji onyo la jicho. Ikiwa 60% kushuka, umejua tu kuna shida, hujui ukubwa wake.

Ukiihofia, kama sabuni yetu ya vyombo, anza juu. Namba 437 inatumia konea za ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama, macho yanatolewa machinjioni na kupelekwa maabara yakiwa ya baridi kwenye maji ya chumvi, lazima yafike mapema, na yenye mikwaruzo yanatupwa. Konea inabanwa katikati ya vyumba viwili vidogo, inawekewa mikrolita 750 kwa dakika 10, inaoshwa, alafu wanapima vitu viwili, imepata ukungu kiasi gani, na rangi ya kijani inayong'aa imepenya kiasi gani kwenda upande wa pili. Vinajumlishwa kuwa alama moja. Ikizidi 55 inaharibu jicho, ikiwa 3 au chini haina shida, ikiwa katikati hakuna hukumu, unahitaji kipimo kingine. Kipimo hiki kina tabia ya kuziona alkoholi na ketoni kali kuliko zilivyo, kwa hiyo kama bidhaa yako imejaa alkoholi usikubali alama yake peke yake. Namba 438 ni hivyohivyo kwa macho ya kuku.

Mwaka 2022 ikaongezwa namba 492B, inayoangalia konea ya binadamu iliyooteshwa inachukua muda gani kufa, hiyo inaweza kutenganisha makundi yote matatu, kinachoharibu jicho, kinachowasha tu, na kisicho na shida, na mwaka huohuo namba 467 ikaeleza namna ya kuunganisha vipimo kadhaa kupata jibu moja. Ukipata maabara inayoifanya 492B mimi ningeanza nayo kwa sabuni kama ile, itakuokolea safari.

Utasikia pia habari ya mayai, HET-CAM, bidhaa inadondoshwa kwenye utando wenye mishipa ndani ya yai la siku 9 na wanaangalia kwa sekunde 300 kama damu inavuja, mishipa inayeyuka au kuganda. Inasaidia sana unapolinganisha fomula zako kumi kujua ipi laini, lakini haimo kwenye miongozo ya OECD, kwa hiyo usiitegemee mbele ya mamlaka.

Hatua ya 8: Aleji

Zamani walitumika simbilisi na baadaye panya. Sasa tunajua aleji inapita milango: kemikali inashikana na protini za ngozi, seli za juu zinastuka, alafu seli za kinga zinaamka zikatoe taarifa. Kila mlango una kipimo. DPRA, namba 442C, inachanganya kemikali na vipande vidogo vya protini kwa saa 24 na kuona vimepungua kiasi gani, wastani ukizidi 6.38% ni chanya. KeratinoSens, 442D, ni seli zilizotengenezwa zitoe mwanga zikistuka, mwanga ukipanda mara 1.5 huku seli zikiwa bado hai ni chanya. h-CLAT, 442E, inaangalia alama za kuamka, CD86 na CD54, kwenye seli za kinga. Mwaka 2021 mwongozo namba 497 ukaruhusu kanuni ya mbili kati ya tatu, zikikubaliana mbili umepata jibu la ndiyo au hapana.

Hivi vimejengwa kwa kemikali moja moja, usipeleke losheni nzima. Pitia kiambato kimoja kimoja, hasa vihifadhi, manukato na rangi za nywele. Mafuta ya mimea yenye harufu watu wanayaamini sana kwa sababu ni ya asili, wakati limonene na linaloli zilizomo humo zikikaa hewani zinaoksidika na kuwa za aleji kweli. Na usijifariji na udogo wa kiwango, Ulaya kihifadhi methilisothiazolinoni kimeondolewa kabisa kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha, na vya kuoshwa kimebakishiwa 0.0015% tu.

Hatua ya 9: Jua

Hii ni fupi. Kama hakuna kiambato kinachofyonza mwanga wa jua, ruka. Kama kipo, namba 432, seli zinagawanywa mafungu mawili, moja linapigwa mwanga wa UVA na jingine linakaa gizani, ukali unalinganishwa.

Hatua ya 10: Binadamu ndo wa mwisho

Hapa naomba unisikilize. Usijitie bidhaa jichoni "kuonja". Usimjaribishie mtoto, wala mfanyakazi wako ambaye hawezi kukukatalia. Kipimo cha bandeji kwa watu wa kujitolea kipo na ni halali, ila kinakuja baada ya hatua zote za juu kuonyesha hakuna hatari, kinapitishwa na kamati ya maadili, kinasimamiwa na daktari wa ngozi, na mhusika anasaini akiwa ameelewa na ana ruhusa ya kujitoa wakati wowote. Kazi yake ni kuthibitisha usalama. Ukikitumia kutafuta sumu, umemweka mtu pale alipokuwa sungura.

Hatua ya 11: Kusoma ripoti

Usipokee karatasi ya "IMEPITA". Ripoti iwe na namba ya mwongozo uliofuatwa, namba ya toleo la bidhaa yako, tarehe, jina la tishu, matokeo ya kila tishu (kwa 439 huwa ni tatu), siyo wastani peke yake, na kontroli zote mbili, hasi ambayo haipaswi kuumiza tishu na chanya ambayo inapaswa kuziumiza. Kontroli chanya ya 439 ni sodiamu dodesili salfeti ya 5%, na kwenye EpiDerm tishu zake lazima ziwe zimekufa mpaka 20% au chini. Kama kontroli chanya ilibaki hai, tishu hazikuwa sawa na jibu lako "zuri" halina thamani. Uliza pia kama maabara inafuata GLP, kanuni za utendaji bora wa maabara, kwa sababu nchi za OECD tangu 1981 zina makubaliano ya kupokea data za mwongozo wa OECD zilizofanywa chini ya GLP kutoka nchi nyingine wanachama, yani kipimo kikifanywa vizuri mara moja hakirudiwi.

Ukibadilisha fomula, rudi hatua ya 4 upige hesabu upya. Kubadilisha pafyumu tu kunaweza kuleta H317 ambayo haikuwepo, na kubadilisha muuzaji wa safaktanti kunaweza kubadilisha ile asilimia ya nguvu bila jina kubadilika. Na kama unataka kuandika kwenye lebo kwamba bidhaa haikujaribiwa kwa wanyama, pata barua ya kila muuzaji wa malighafi inayotaja tarehe ya mwisho kiambato kile kilipojaribiwa kwa mnyama na kwa sababu ya sheria gani. Ulaya walizuia kujaribu vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, viambato 2009, na kuuza vilivyojaribiwa hivyo Machi 2013, lakini kemikali hiyohiyo inaweza kuwa ilijaribiwa kwa ajili ya rangi ya ukuta au dawa ya viwandani, na barua ndo itakayokuambia.